Ripoti ya bwana afya ni siri ya nani?

MTU anapoingia hotelini na kuagiza pilau, huwa amemkabidhi mpishi kitu kikubwa kuliko fedha yake. Amemkabidhi afya yake. Hajui maji yaliyooshea sahani yametoka wapi, hajui nyama ile imelala wapi tangu jana, wala hawezi kuomba aingie jikoni akakague. Analoweza ni kuamini tu. Na kila palipo na kuaminiana pana amana.

Kwa kuwa mlaji hawezi kuingia jikoni, serikali humtuma mtu aingie kwa niaba yake. Sisi tunamwita bwana afya. Anaingia, anatazama, anaandika, anaondoka. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: alichokiandika ni cha nani? Ni siri baina yake na mwenye hoteli, au ni haki ya yule anayekula?

Wapo watakaosema, tena kwa nia njema, kwamba Uislamu umetufundisha kusitiri aibu za watu. Katika Surat Hujurat tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Sasa kubandika mlangoni pa mtu karatasi inayosema jiko lake ni chafu, je, huko si kumfedhehesha na kumkatia riziki? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa.

Hata hivyo, tutazame sitara hiyo inahusu nini. Inahusu aibu ya mtu ambayo ikifichwa haimdhuru mwingine. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (RA) kisa mashuhuri cha Mtume (SAW) kupita penye rundo la chakula likiuzwa. Aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (SAW) akamhoji kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatoa onyo kali kwa wenye kughushi.

Tuzingatie vizuri. Mvua haikuwa kosa la yule mfanyabiashara, na katika kisa hiki hatusomi kuwa alitozwa faini au kufukuzwa sokoni. Alichotakiwa ni kuweka unyevu juu. Mnunuzi akishaona, anunue akitaka, aache akitaka. Ndiyo maana wanazuoni hawakuhesabu kila kutaja kasoro ya mtu kuwa ni usengenyaji. Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ametaja sababu sita zinazoruhusu jambo hilo, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu na madhara. Jiko la biashara si chumba cha kulala cha mtu. Uchafu wake unaishia tumboni mwa mteja.

Tuchukue mfano wa Los Angeles, Marekani. Huko wakaguzi walikuwepo miaka mingi na ripoti ziliandikwa, lakini mlaji wa kawaida hakuziona. Mwezi Novemba 1997 kituo kimoja cha televisheni kikaonyesha picha zilizopigwa kwa kamera za siri katika majiko ya migahawa. Watu walishtuka. Mapema mwaka 1998 kaunti ikaanza utaratibu wa kubandika herufi mlangoni: A kwa alama 90 na kuendelea, B kwa 80 hadi 89, na C kwa 70 hadi 79. Hapa pana funzo. Ukaguzi wa wazi ulipofichwa, upelelezi wa siri ndio ulioshika nafasi yake. Sisi huku hatuna kamera hizo, lakini tunao uvumi. Hoteli ya fulani husemwa hivi, ya fulani vile, na hakuna mwenye ushahidi. Huo ndio usengenyaji hasa, na ripoti ya kweli ingeufunga mdomo.

Je, herufi zile zilipunguza maradhi? Mwaka 2003 watafiti Jin na Leslie walichapisha matokeo kwamba waliolazwa hospitalini kwa maradhi ya chakula walipungua. Mwaka 2019 watafiti wengine waliyapitia upya madai hayo na kuyapinga. Wasomi waendelee kubishana. Hoja yetu haikusimama juu ya takwimu hizo. Mnunuzi alikuwa na haki ya kuona nafaka iliyolowa hata kama asingeumwa, kwa sababu fedha ni yake na tumbo ni lake.

Lakini haki ya mlaji isizae dhulma kwa muuzaji. Kinachotangazwa kiwe kweli, kiwe cha karibuni, na aliyerekebisha kasoro akaguliwe tena. Uingereza, ambako hoteli hupewa alama 0 hadi 5, mwenye biashara anaweza kukata rufaa, kutoa maelezo yake na kuomba kukaguliwa upya. Zaidi ya yote, mkaguzi awe mwadilifu. Alama inayonunuliwa kwa bahasha ni ushahidi wa uongo, na mwenye kuitoa ameghushi kuliko mpishi.

Hapa kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2003 ilianzisha TFDA, na mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ikahamishiwa TBS. Maafisa afya wa halmashauri nao wanapita. Kwa hiyo ukaguzi upo. Tunachokosa ni kuyaona majibu yake. Ukutani tunaona leseni ya biashara, lakini leseni haisemi kama jokofu linafanya kazi. Kipindupindu kinapoingia mjini, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2015, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama ntilie. Lakini yeye anapika mbele ya macho yetu. Maji yake tunayaona na sufuria yake tunaiona. Mwenye vigae vinavyong'aa ndiye aliyefunga mlango wa jiko.

Halmashauri zetu zinaweza kuanza na jambo dogo: nakala moja ya ripoti, kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe mahali mteja anapoweza kuisoma kabla ya kukaa.

Na mfanyabiashara Mwislamu hana haja ya kusubiri amri. Hoteli zetu nyingi zimeandika mlangoni "Chakula Halali". Qur'an, katika Surat Baqara aya ya 168, haikuishia kwenye halali. Imeunganisha na kilicho kizuri. Kuchinja kwa Bismillah kumetimiza la kwanza. La pili linathibitishwa na hali ya jiko, na ripoti ya jiko hilo iko kabatini kwa mwenye hoteli. Aitoe, aibandike chini ya lile neno "Halali". Kama anaona haya kuibandika, basi ajiulize anatulisha nini.

Wallahu a'alam.