Dai Daftari, Wewe Mpiga Dramu!

Ndugu zangu mnaopiga vyombo, leo nawahubiria kwa habari za mtu ambaye hakuna kwaya ingemwalika. Anaitwa Dave Lombardo. Alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1965, akakulia California, na mwaka 1981 akawa mmoja wa wanne walioanzisha Slayer, bendi ya muziki wa metali ambayo nyimbo zake zimejaa damu na mashetani. Siwaiti mkazisikilize. Nawaita mtazame jasho la mtu na mtazame ujira wake, kwa maana Mungu anayesikia kilio cha kibarua haulizi kwanza kibarua huyo alikuwa akijenga nini.

Mwaka 1986 Slayer walitoa albamu ya Reign in Blood. Haifiki nusu saa, lakini kasi ya miguu ya Lombardo mle ndani imewatoa jasho wapiga dramu wa kizazi baada ya kizazi. Na wakiwa katika ziara ya albamu hiyohiyo, akaondoka! Kisa nini? Ulevi? Ugomvi? La. Alisema alikuwa haoni pesa. Kama kazi ni ya kulipwa na lebo ni kubwa, alitaka angalau kodi ya nyumba na bili zilipwe. Hakudai jumba, ndugu zangu. Kodi tu! Mwaka uliofuata mkewe alimshawishi arudi, akarudi. Akatoka tena mwaka 1992, akarudi tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bendi ikachukua tuzo za Grammy mwaka 2007 na 2008 yeye akiwa amekalia kiti cha dramu.

Sasa fikeni nami Februari 2013. Bendi inajiandaa kwenda Australia, na Lombardo hayumo. Akatoa tamko hadharani. Alisema amegundua kwamba asilimia 90 ya mapato ya ziara ilikuwa ikikatwa kwa jina la gharama, malipo ya uongozi yakiwemo, na kilichobaki, asilimia 10 au pungufu, ndicho walichogawana watu wanne. Alipotaka maelezo, kwa kauli yake, aliambiwa hatalipwa mpaka atie sahihi mkataba mrefu usiosema kamisheni itakatwa kiasi gani wala kwa msingi gani, usiomruhusu kukagua vitabu vya hesabu, na unaomzuia kuzungumza na waandishi wa habari. Bendi ilijibu kwamba haikubaliani na maelezo yake, na baadaye kiti kikakaliwa na Paul Bostaph. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini mkataba unaomfumba mtu macho na kumfunga mdomo kwa kalamu moja, huo sihitaji hakimu anisomee.

Mnamkumbuka Yakobo kwa Labani? Alichunga kondoo miaka mingi, jua la mchana likimchoma na baridi ya usiku ikimnyima usingizi, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi. Mara kumi! Na Labani alikuwa mjomba, mtu wa damu moja, mtu wa kumkumbatia mlangoni. Anayekupunja kwa kawaida si mgeni. Ni yule anayekuita mwanangu.

Elewa basi hila inavyofanya kazi, maana wengi wenu mnapigwa gizani. Meneja akikata kamisheni yake kwenye pato ghafi, kabla ya gharama, yeye hali hasara kamwe. Chukua mfano: ziara imeingiza shilingi 100. Meneja anachukua 20 papo hapo. Basi, hoteli, mafundi wa sauti na mafuta vinakula 70. Zimebaki 10, na ninyi ni wanne. Wewe uliyevunja mgongo umepata 2 na senti 50, naye aliyepiga simu ana 20. Hajaiba hata senti, maana ulitia sahihi! Na juu ya hayo, mrabaha wa utunzi huenda kwa aliyeandika maneno na aliyetunga tuni. Mapigo ya dramu ni nadra kuhesabiwa utunzi. Kwa hiyo mpiga dramu akipoteza hela ya ziara, mara nyingi hana pengine pa kuvuna.

Na Lombardo si shahidi pekee. Bill Ward, mpiga dramu aliyeanzisha Black Sabbath na wenzake kule Birmingham mwaka 1968, alitangaza mwaka 2012 kwamba hawezi kujiunga na ziara ya kuungana upya mpaka apewe mkataba unaostahili sahihi. Wakaenda bila yeye. Ilimgharimu, lakini hakutia sahihi.

Nanyi mnaoshika fedha, viongozi wa bendi, walezi wa kwaya, mameneja wa wasanii chipukizi, msijifiche nyuma ya nguzo! Mtu akiuliza mapato yalikuwa kiasi gani, mnamwambia ana tamaa. Mnamwambia hana roho ya utumishi. Tubuni! Kuuliza hesabu si uasi. Daftari safi halimwogopi msomaji.

Mtasema: nikidai, nitatupwa. Huenda. Lombardo alitoka, lakini njaa haikumla: alipiga na Suicidal Tendencies, Misfits, Dead Cross, Mr. Bungle na Testament, na mwaka 2023 akatoa albamu yake mwenyewe, Rites of Percussion. Bendi haikuondoka na mikono yake.

Basi nakusihi, kijana mwenye fimbo za dramu mfukoni: kabla hujapanda gari la onyesho lijalo, dai nakala ya mkataba. Uliza kamisheni inakatwa kabla au baada ya gharama. Uliza nani anaruhusiwa kukagua vitabu, na mara ngapi. Wakikataa kuyaandika hayo, shuka garini.