Mwanariadha ni Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baad.

Ndugu zangu, nalikuwa Laare, katika milima ya Nyambene huko Meru. Baada ya sala ya Adhuhuri kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, twaambiwa kuwa kushindana mbio ni upuuzi. Mbona basi neno mwanariadha lina asili ya Kiarabu?"

Nikamjibu: Mwanangu, neno hili lina ilimu ndani yake. Riadha yatoka katika riyadha ya Kiarabu, na asili yake ni kumfunza mtoto wa farasi mpaka akubali hatamu. Kisha likatumiwa kwa kuuzoeza mwili, na wanavyuoni wakalitumia kwa kuifunza nafsi. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ameweka kitabu kizima cha riyadha ya nafsi. Nasi Waswahili tukalitia "mwana" mbele, kama mwanafunzi na mwanamaji. Basi mwanariadha, kwa asili ya neno, ni aliyefunzwa kabla ya kuwa mwenye mbio.

Wala Mtume (s.a.w.) hakuyakataza mashindano. Bukhari amepokea kuwa alishindanisha farasi Madina: waliozoezwa wakapewa masafa marefu, wasiozoezwa wakapewa mafupi. Naye mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi Aisha akamshinda, ya pili yeye akamshinda. Lililo haramu ni kamari na hila, kama dawa za kuongeza nguvu ambazo zimewafanya wanariadha wengi wa Kenya kufungiwa mashindano.

Hapo magari ya miraa yakapita kwa kasi. Miraa hunyauka upesi, na dereva hukimbilia Nairobi kuwahi ndege. Nikamwambia: Huyu naye yuashindana, lakini mbio zake hazina hatamu. Wangapi wamezikwa kwa mwendo huo!

Nasi wa pwani tusijitoe. Ni nani akaaye barazani akilalamika kuwa kibunda chake kimechelewa? Aliyeshindwa kungoja saa moja hajaifunza nafsi yake, na haraka yake yamsukuma dereva asiyemjua. Mtume ametufundisha kuwa mwenye nguvu si yule aangushaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake aghadhibikapo.

Kijana akasema: "Basi hata asiyeweza kukimbia aweza kuwa mwanariadha." Naam, na mazoezi yake yaanza leo. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.