Walikuja Wakati wa Mavuno

Somo: Waamuzi 6:1–12



Wamidiani walikuwa na hesabu zao. Walimwacha Mwisraeli alime, apande, apalilie; shamba likishakubali ndipo wanaingia na ngamia na mifugo yao, wanakula nchi mpaka upande wa Gaza. Miaka 7 mfululizo. Hawakuja kutafuta mji wa kutawala. Walikuja kutafuta ghala.

Sisi wa Usambara tunaijua hesabu hiyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, manowari za Waingereza zilifunga pwani. Jeshi la Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, likawa linaishi kwa kile nchi inachotoa: mahindi na ng'ombe wa wananchi, na huko Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1902, magome ya mkwinini ya kutengenezea dawa ya malaria. Chini ya milima ilipita reli ya Tanga hadi Moshi. Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga kuitafuta njia hiyo, wakapigwa vibaya. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Smuts yalifika kwa kufuata bonde la Pangani, yakaichukua Wilhelmstal, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Handeni. Bendera ilibadilika. Mkulima alitakiwa kutoa kwa huyu na kwa yule: chakula kwanza, kisha mabega ya kubebea mizigo ya vita. Vitabu vinawataja majenerali kwa majina. Wapagazi tunapewa kwa jumla tu.

Ndiyo maana napenda Kumbukumbu la Torati sura ya 20. Humo, katikati ya sheria za vita, jeshi lililouzingira mji linakatazwa kuikata miti ya matunda. Mji wa adui, lakini mti hauguswi! Mungu amekwisha kuwaza watu watakula nini vita vikiisha.

Sasa turudi Waamuzi 6: mtazameni Gideoni. Anapura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, shimoni, mahali ambapo hata upepo wa kupepetea haufiki vizuri. Malaika anamwita shujaa. Wahubiri wengi huwachekesha watu hapo. Mimi sioni cha kuchekesha, kwa sababu mtu anayeokoa chakula cha nyumba yake mbele ya mporaji ameshaanza kupigana. Tarumbeta na mienge vilikuja baadaye.

Siku hizi hakuna jeshi linalopanda kutoka Mombo. Yanapanda malori, viazi na kabichi zikiwa tayari, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa anajaziwa lumbesa huku bei ikibaki ya gunia moja. Wanunuzi wengine ni washarika wetu, tunashiriki nao meza ya Bwana. Kwenu nina ombi la wiki hii: kabla ya kushona gunia, msomeeni mwenye shamba Waamuzi 6, mstari wa 3 na wa 4, kwa sauti.