Je, Nyumba ya Mlowezi Inastahili Kutunzwa?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi ni mzaliwa wa Cyanzarwe. Katika wilaya yetu ya Rubavu, huko Mugongo, ipo nyumba ya kizungu yenye bustani ya maua ya mtindo wa Kiingereza. Mmarekani Rosamond Carr alihamia hapo mwaka 1955, Wabelgiji wakiwa bado watawala, kusimamia shamba la pareto, baadaye akalinunua.

Baadhi ya wenzangu husema nyumba hiyo isihifadhiwe, kwani inakumbusha enzi ambapo mgeni alimiliki bustani na mwenyeji akashika jembe. Siwalaumu. Bibi yangu alichuma pareto ujanani mwake.

Lakini Desemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Carr, akiwa na miaka 82, aligeuza banda la kukaushia pareto kuwa makao ya yatima, akayaita Imbabazi.

Je, wema huo unafuta enzi ile? Naona haufuti. Hata hivyo, tukiibomoa nyumba tutapoteza ushahidi wa dhuluma na wa huruma kwa pamoja. Kwa maoni yangu, itunzwe, na kila anayeonyeshwa maua asimuliwe pia habari za yatima, na za mikono iliyolima.