Maji Yaingiayo Katika Ufa



Mwezi wa Januari tulikuwa ugenini Marekani, tukiwatembelea Wakristo wenzetu. Nao wakatupeleka katika jimbo la Utah kuiona Hifadhi ya Taifa ya Bryce Canyon. Mahali hapo paliitwa kwa jina la Ebenezer Bryce, seremala mzaliwa wa Scotland, aliyehamia huko katika miaka ya 1870; napo palipewa cheo cha hifadhi ya taifa kwa jina hilo mwaka 1928. Ukingo wake umeinuka zaidi ya meta 2,400 juu ya bahari, na baridi yake ni kali sana. Sisi tuliozoea kuitazama theluji ya Kibo kwa mbali, siku ile tuliikanyaga kwa miguu yetu.

Tuliposimama ukingoni asubuhi, hakuna aliyesema neno. Chini yetu zilisimama nguzo za mawe, maelfu kwa maelfu, nyekundu na za rangi ya machungwa, kila moja imevikwa theluji kichwani. Wapaiute, wenyeji wa kale wa nchi ile, husimulia ya kuwa nguzo hizo zilikuwa watu, wakageuzwa mawe kwa ajili ya matendo yao mabaya. Nasi tulipozitazama tuliona kama mkutano mkubwa wa watu wasiosemezana.

Tulidhani ya kuwa mto mkubwa umelichimba korongo lile, kama mto Colorado ulivyolichimba Grand Canyon. Lakini sivyo. Pale hapana mto mkubwa. Kazi ile ni ya mvua, na zaidi ya theluji. Mchana jua huiyeyusha theluji, na maji yake huingia taratibu katika nyufa ndogo za mwamba. Usiku maji hayo huganda; na barafu yataka nafasi kupita maji, karibu sehemu 9 zaidi katika kila 100. Akina mama walio na friji wamekwisha kuona jinsi chupa iliyojaa maji inavyopasuka ikiganda. Vivyo hivyo barafu huusukuma ufa, nao huongezeka upana kidogo, kidogo mno. Asubuhi jua hutoka, barafu huyeyuka, na maji huingia ndani kuliko jana. Mambo hayo hutendeka pale zaidi ya siku 150 katika mwaka mmoja.

Tena mwamba hauanguki mara moja. Kwanza uwanda wa juu hukatwa, na ukuta mrefu mwembamba husimama peke yake. Kisha ukuta hutobolewa, huwa na dirisha. Watu hulisifu dirisha hilo na kulipiga picha. Kisha darini mwa dirisha huanguka, na ukuta uliokuwa mmoja huwa nguzo mbili, kila moja peke yake. Mwisho nguzo nazo huanguka, huwa udongo. Tulipokuwa tukisikiliza, jua lilikuwa likipata nguvu, nasi tukasikia kijiwe kikiporomoka bondeni. Hapakuwa na upepo wala mtu aliyekigusa. Usiku ndio uliokwisha kukilegeza.

Ndugu zetu, hapo moyo wetu ulituchoma. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Waefeso, sura ya 4, awaonya Wakristo wasiache jua lizame wakiwa wangali na hasira. Mara nyingi tumelifundisha agizo hilo, tukalidhani kuwa shauri jema tu la kuleta utulivu nyumbani. Siku ile tulijua kwa nini Mtume alitaja kuchwa kwa jua. Mchana sisi sote tu maji: twasalimiana mlangoni pa kanisa, twauliza habari za watoto, twacheka. Lakini neno lisilotubiwa limekwisha kuingia katika ufa, na usiku unapokuja huganda.

Nasi tuandikao tulikuwa na ufa wetu. Miaka minne kabla ya safari ile, katika baraza la wazee, tulisema neno juu ya mzee mwenzetu kwa habari ya fedha za paa la kanisa. Hatukumwita mwizi, tuliuliza tu swali kwa namna ambayo kila mtu alielewa. Baadaye hesabu zilipokaguliwa, hapakupungua hata senti moja. Tukasema moyoni, “Mambo yamekwisha kujulikana, ya nini kuyafufua?” Tukaendelea kumsalimu, naye akaitikia. Lakini hakuja tena kwetu, na arusi ya binti yake ilipita pasipo sisi. Watu waliusifu upole wetu wote wawili. Walikuwa wakilisifu dirisha.

Jioni ile jua lilipozama nyuma ya misonobari, kwetu ilikuwa yapata saa tisa ya usiku. Tulingoja hata saa tatu, ndipo tukampigia simu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Huko ni saa ngapi?”

“Ni saa tatu ya usiku.”

“Hapa kumekucha,” akasema.

Tukaungama kosa letu, wala hatukuongeza neno la kujitetea. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Neno lile mlilisema barazani.” Hakusema zaidi, wala haikuhitaji. Tuliporudi tulisimama mbele ya baraza lile lile, tukamwondolea aibu mahali pale tulipomtia aibu. Akatupa mkono. Arusi ile haikurudi, wala miaka ile minne. Hayo ni mawe yaliyoanguka bondeni. Lakini tangu hapo twaketi tena pamoja.

Mtu aweza kusema, “Mbona nguzo zile ni nzuri? Je, si nyufa zilizoleta uzuri?” Ndiyo, kwa mawe ni nzuri, maana jiwe halina jirani. Lakini usharika haukuitwa uwe nguzo nyingi za kutazamwa, kila moja na theluji yake kichwani. Umeitwa uwe nyumba moja. Na jiwe lililoanguka halipandi tena, bali mtu aliyetengwa na ndugu yake aweza kurudishwa, kwa kuwa Kristo alikufa ili atupatanishe na Mungu, tena sisi kwa sisi. Tusipotegemea msamaha wake, nani angekuwa na ujasiri wa kusema, “Nimekosa”?

Basi, walimu na wazee, nanyi nyote msomao, jiulizeni leo: ni nani mnayemsalimu mchana, lakini usiku mwamwekea barafu? Msingoje ufa uonekane. Nendeni kwake jua lingali juu.

Ee Bwana, wewe ujuaye nyufa zetu zilizofichika, utupe moyo wa kuungama na moyo wa kusamehe, tusije tukasimama mbele yako kama mawe. Amina.