Damu za Watu Si Hoja ya Barazani

  

Ndugu zangu Waislamu, somo nililotayarisha leo lilikuwa la mirathi. Nimeliweka kando, kwa sababu maneno yaliyosemwa kwenye baraza ya msikiti huu juzi baada ya Isha bado yamenikaa kooni. Mliokuwepo mnayajua. Kijana wetu mmoja, msomi, alikuwa akibishana na mzee wetu mmoja: je, Kenya kupeleka jeshi Somalia kumetuletea usalama au kumetuzidishia hatari? Mpaka hapo hakuna ubaya. Ni suala la watu wenye akili, na nchi ambayo raia wake hawaulizi masuala kama hayo ni nchi iliyolala. Lakini ubishi ukapanda. Kijana akasema waliouawa Garissa walilipa deni la serikali yao. Mzee akamjibu kwamba kila anayeuliza jeshi linafanya nini Somalia ni gaidi aliyekosa bunduki tu. Watu wakagawanyika, hawa wakimshangilia huyu, wale wakimshangilia yule. Hakusikika hata mmoja akisema astaghfirullah.

Deni! Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa pale chuo kikuu cha Garissa, karibu wote wanafunzi. Wapo waliotolewa mabwenini na usingizi ungali machoni, na wapo waliokutwa kwenye ibada yao ya asubuhi. Jeshi lilipovuka mpaka mwaka 2011, wengi wao walikuwa bado wanavaa sare za sekondari. Nani aliwakopesha? Walitia saini wapi? Mwanangu, umesoma, unajua kupanga hoja, basi nipangie hii: msichana aliyetoka kijijini kwao na sanduku la bati kwenda kusomea ualimu alikuwa na mkono gani katika uamuzi wa Nairobi?

Sitaki mtu aondoke hapa akisema shehe amelikwepa suala. Basi tuliingie. Mwaka 2011 watu walitekwa kwenye pwani yetu ya Lamu. Mwezi wa Septemba Muingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa. Oktoba mosi mwanamke wa Kifaransa, mlemavu, akabebwa kutoka Manda, akafia mikononi mwa waliomteka. Kisha wafanyakazi wawili wa misaada wakachukuliwa kambini Dadaab. Wageni wakakimbia, na vijana wa Lamu waliokuwa wakila kwa jasho la utalii wakarudi majumbani mikono mitupu. Katikati ya mwezi huo jeshi likavuka mpaka, na operesheni ikaitwa Linda Nchi. Waziri wa Ulinzi wa siku hizo alikuwa Yusuf Haji, Muislamu, mtu wa Garissa, kwa hivyo wanaotusimulia kwamba vilikuwa vita vya msalaba watafute hadithi nyingine. Mwaka uliofuata jeshi letu likawekwa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, na Kismayu ikatekwa.

Baada ya hapo ikawa nini? Westgate mwaka 2013, watu 67 waliuawa. Mpeketoni mwaka 2014, zaidi ya 60. Basi la Mandera, Novemba mwaka huohuo, 28. Kisha Garissa. Kisha El Adde, Januari 2016, ambako askari wetu walivamiwa kambini na serikali ikakaa kimya juu ya idadi ya waliokufa, mama zao wakawa wanahesabu majeneza wenyewe. Kisha Dusit mwaka 2019, watu 21. Anayesema hatari haikuongezeka hajapita makaburini.

Na anayesema hatari ilianza 2011 naye ana usahaulifu wa ajabu. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, balozi za Marekani zilipolipuliwa. Novemba 2002, Kikambala, hapa hapa pwani, kati ya waliouawa walikuwemo wacheza ngoma wa Kigiriama waliokuja kuwalaki wageni wa hoteli. Jeshi letu lilikuwa halijavuka mpaka. Wauaji walikuwa na sababu nyingine siku hizo, na mtu mwenye nia ya kuua hakosi sababu.

Mkiniuliza rai yangu, nitawapa. Naona haraka ilituzidi. Ethiopia iliingia Somalia Desemba 2006 kuziondoa Mahakama za Kiislamu, Marekani ikiwa nyuma yake. Ilipotoka mapema 2009, Al-Shabab, waliokuwa kundi moja tu ndani ya Mahakama zile, walikuwa wameshika sehemu kubwa ya kusini. Somo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na sisi tulikwenda kulisoma tena kwa damu yetu. Kisha yakaja mambo ya makaa. Baraza la Usalama lilipiga marufuku makaa ya Somalia mwaka 2012, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba yaliendelea kupakiwa melini Kismayu, bandari ambayo jeshi letu lilikuwa limeishika. Kuuliza hayo ni haki. Naona hata ni wajibu, maana Mola ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Serikali haikuwekwa juu ya wazazi.

Lakini katika yote niliyoyataja, kijana wangu, nionyeshe mahali ambapo damu ya mwanafunzi imekuwa halali. Hapana. Kosa la serikali limebaki la serikali na dhambi ya muuaji imebaki ya muuaji.

Sikilizeni kisa cha Banu Jadhima, na msiwe na haraka, maana nataka kukisimulia chote. Makka ilikuwa imekwisha kufunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtuma Khalid bin Walid kwa kabila la Banu Jadhima awalinganie Uislamu. Hakutumwa kupigana. Watu wale walipotakiwa kusilimu hawakujua kulitamka vizuri neno la kusilimu. Wakasema neno jingine, lile ambalo Makureshi walikuwa wakiwaita nalo walioiacha dini ya mababu. Khalid hakuridhika. Akaua, akateka, akampa kila mtu wa jeshi lake mateka wake. Siku moja ikatoka amri: kila mmoja amuue mateka aliye naye.

Ndani ya jeshi lile alikuwemo Abdullahi bin Umar. Akaapa kwa Mungu kwamba yeye hatamuua mateka wake, na wenzake aliokuwa nao hawatawaua wao. Hakutoroka jeshi wala hakuhamia upande wa pili. Alikataa akiwa palepale, upanga kiunoni. Waliporudi wakamhadithia Mtume. Akainua mikono, akamwambia Mola wake kwamba yeye yuko mbali na alichokifanya Khalid, akalirudia neno hilo mara ya pili. Bukhari ameipokea habari hii. Na watu wa sira wanaongeza kwamba Banu Jadhima walikuwa wamemuua ami yake Khalid zama za ujahilia, na baba yake Abdurrahman bin Auf pia. Abdurrahman, aliyekuwa na kisasi chake mwenyewe, ndiye aliyemkabili Khalid akimwambia amefanya jambo la kijahilia. Kisha Mtume akamtuma Ali na mali, akalipe diya ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibika, mpaka kibakuli cha kunyweshea mbwa. Mali ikabaki. Ali akawaachia iliyobaki, isije ikawa kuna haki iliyosahauliwa.

Mmekisikia? Huyo ni kiongozi wa umma, jeshi ni lake na amiri ni wake, mtu mwenye cheo cha Khalid, na bado alilitangaza kosa mbele ya watu na kulilipia. Hakumvua Khalid uamiri, wala hakumfunika.

Sasa wewe mzee wangu, ninayekuheshimu tangu nikiwa mtoto wa chuoni, uliyesema anayeuliza ni gaidi: Ibn Umar utamwita nani? Abdurrahman bin Auf je? Ungewakuta barazani siku ile ungewaitia polisi? Mnataka jeshi lisiulizwe, na Mtume wenu aliliuliza lake. Aprili 2014 maelfu ya Wasomali wa Eastleigh walikusanywa na kupelekwa uwanja wa Kasarani, wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, kwa sababu ya makosa ya watu wasiowajua. Kuna waliosema hapa mjini kwamba wamestahili, nami niliwasikia. Hawakuwa Wakristo waliosema hivyo; walikuwa watu wa safu zetu.

Na wewe kijana: waliosalimika katika Banu Jadhima walikuwa na malalamiko ya haki kabisa. Je, ungewapa ruhusa waende sokoni Makka wachinje wanawake na watoto wa Kikureshi, halafu ukae barazani ukisema hawa wamelipa deni? Haya ndiyo yanayonichoma. Nyinyi wawili mnadhani mmekabiliana, kumbe mmesimama safu moja, bega kwa bega. Mmoja anamtafutia muuaji udhuru katika kosa la serikali, na mwenziwe anaitafutia serikali udhuru katika kosa la muuaji. Mwanafunzi wa Garissa amelipishwa kwa ajili ya jeshi, na mama wa Kisomali wa Eastleigh amelipishwa kwa ajili ya Westgate. Mola wetu amesema katika Suratul-An'am, aya ya 164, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Aya hii mnaijua kwa moyo, mnaisoma kwenye hitma, na mkitoka mlangoni mnawatwika watu mizigo ya wengine.

Yuko aliyeielewa. Desemba 2015 basi lilisimamishwa kule Mandera, wenye bunduki wakataka Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu wakakataa, wanawake wakawavisha Wakristo mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafa Januari. Sijui yeye alikuwa na rai gani juu ya jeshi la Kenya huko Somalia. Pengine alilipinga kuliko wewe, kijana. Risasi zilipolia hakuzitolea hoja. Nyinyi hamkufikwa na risasi yoyote, mmekaa kwenye zege baridi na kahawa mkononi, na mkaona raha kugawana maiti.

Kibakuli cha mbwa kililipwa, ndugu zangu. Waliopofuliwa na vioo mwaka 1998, Nairobi na Dar es Salaam, wengi wao wamezidisha miaka 20 wakidai fidia, wakitoka mahakama hii kwenda ile, na kati yao wamo waliokwisha kufa wakidai. Wajane wa El Adde wanalea. Barazani nimesikia ubishi wa saa nzima juu ya nani amesababisha, na sikusikia anayeuliza nani atalipa. Ubishi wenu haukumfikishia mjane hata kilo ya unga.

Basi ninalolitaka ni hili, na silitaki kesho. Mnaodai kwamba uamuzi wa 2011 umetuzidishia hatari, andikeni. Katiba imelipa Bunge kazi ya kuidhinisha tangazo la vita. Ibara ya 95, nendeni mkaisome. Mwandikieni mbunge mumuulize jeshi litatoka lini na kwa masharti gani, fedha za makaa zilikwenda wapi, na familia za waliouawa, raia na askari, zimepewa nini. Barua iwe na majina yenu, maana anayeuliza kwa haki hajifichi. Kijana ataiandika, kwa kuwa kalamu anayo. Mzee ataipeleka, kwa kuwa mbunge anamjua na hatamwacha asubiri nje. Nitaisoma mimi kabla haijatoka. Na leo baada ya sala ya Laasiri nyinyi wawili mtakuja kwangu kwanza, kila mmoja ayaondoe maneno yake mbele ya wale wale aliowasikilizisha.