Deni la Kivuli

Katika jimbo la California, Marekani, wako wanafunzi wa vyuo ambao kila mwaka, joto likiisha na mvua ikikaribia, hwenda vilimani kwa hiari yao kupanda mialoni ya asili, mti ambao wasomaji wengi wa Kiswahili huufahamu kwa Biblia tu. Huokota mbegu chini ya miti mikongwe na kuzitia majini. Zinazoelea hutupwa, maana aghalabu zimeliwa na wadudu. Zilizozama hufukiwa ardhini, na kila shimo huzungushiwa wavu wa waya kuzuia paa na fuko. Hiyo ni kazi ya siku moja, nayo ina furaha yake. Iliyo nzito ni kupalilia na kumwagilia miaka miwili mitatu, kwa kuwa kiangazi cha huko hupita miezi mingi bila mvua, na nyasi zilizoletwa kutoka Ulaya hunyonya unyevu kabla mche haujaupata.

Mwaloni wa mabondeni huweza kuishi zaidi ya miaka 300. Mwanafunzi hukaa chuoni minne. Ana wajibu gani kwa mti ambao hatakaa kivulini mwake, tena ambao hakuukata yeye? Waliofyeka ni wakulima na wafugaji wa karne ya 19, hasa baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848, nao wamekwisha kufa. Kumdai kijana wa leo ni kumtwika dhambi ya maiti.

Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Lakini sheria ya mirathi ya Kiislamu, inayojulikana sana katika pwani ya Afrika Mashariki, haigawanyi mali ya marehemu kabla madeni yake hayajalipwa. Wala haimlazimishi mrithi kulipa zaidi ya kilichoachwa. Kwa kipimo hicho mwanafunzi hadaiwi kosa, hudaiwa urithi: mabonde yaliyofyekwa ndiyo yanayomlisha. Tena wadai wako hai. Wamiwok na Waohlone, waliokuwa wakisaga mbegu hizo na kuuondoa uchungu wa unga wake kwa maji, wana vizazi vyao hata leo, na mti peke yake haulipi yote waliyonyang'anywa.

Basi anayepanda na kwenda zake ametoa zawadi, na zawadi haina lawama. Anayerudi mwezi wa Agosti, wenzake wakiwa likizoni, akakuta miche saba katika kumi imekauka, akainua ndoo kwa ajili ya ile mitatu, huyo yumo katika kulipa.